Sauti ya Jumanne na Ijumaa

Kifurushi kilinifikia kibandani asubuhi, kimefungwa kwa gunia la mbolea na kukazwa kwa kamba ya katani. Kijana wa boda boda aliyekileta alikilaza juu ya meza yangu ya kukatia nguo kwa uangalifu mwingi, kisha akarudi nyuma hatua mbili, nadhani ili awe mbali kitakapofunguliwa. Mimi hushona sare za shule hapa Homa Bay mjini, na vitu vinavyoletwa kwangu ni vitambaa na malalamiko. Nilipofungua gunia nikakuta kipande cha nondo, urefu wake kama mkono wangu mzima, ncha moja imechongoka na nyingine imezungushiwa kitambaa kilichong'aa kwa jasho la miaka. Mteja aliyekuwa akingojea sketi ya mwanawe akaniuliza ni nani nimemkosea.

Nilikijua kile kitambaa kabla sijasoma karatasi iliyobandikwa. Iliandikwa na mtoto wa Fundi Marwa kutoka Kehancha. Alisema wamemzika mzee, na kwamba kabla hajafumba macho aliagiza chuma chake cha kusikilizia maji kipelekwe kwa yule msichana wa Awendo. Nikakinusa. Kulikuwa na kutu, tumbaku, na harufu ya udongo uliolowa kwa muda mrefu bila kuona jua. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonishinda. Nililia mbele ya mteja bila aibu yoyote, naye maskini akaacha maswali akaenda kuninunulia soda.

Kwetu ni Awendo, nje kidogo ya mji, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaona miwa hadi macho yachoke. Baba alikuwa dereva wa trekta, wale wanaovuta matrela ya miwa kwenda kiwandani na kuacha barabara nzima imejaa makapi. Alikuwa mtu wa maneno machache lakini hakuwa kimya. Akishika kazi yoyote ya mikono alikuwa akiimba amefunga mdomo, mlio mmoja mrefu wa puani usio na mwanzo wala mwisho, na ungeweza kumpata popote bomani kwa kuufuata. Mama alikuwa akimtania kwamba amemeza trekta.

Ni baba aliyetuletea maji nyumbani. Alichimba mtaro peke yake, kutoka barabarani hadi ukutani mwa jikoni, jioni baada ya jioni akitoka kazini, wakati mama akiwa sokoni na mimi ningali mdogo wa kubebwa. Kila kipande alichochimba alikiwekea paipu na kukifukia jioni hiyo hiyo, kisha watu wa maji wakaja wakafunga mita kwenye ukuta karibu na mlango wa jikoni. Tangu siku hiyo tulikuwa na mfereji nje, mwingine kwenye sinki, na mwingine bafuni, na majirani waliokuja kuona walifungua na kufunga ule wa sinki mpaka mama akawaomba wauache upumue. Maji yenyewe yalikuja Jumanne na Ijumaa tu. Siku nyingine ungefungua mfereji ukapata hewa na sauti ya kukohoa.

Halafu baba akaugua, kwa siku chache tu, akafa. Nilikuwa na miaka minane. Alizikwa mbele ya nyumba yake, upande wa kulia wa mlango, kama wanaume wa kwetu wanavyozikwa, na ndugu yake wa pekee, baba mdogo Ouma, ndiye aliyeshika sururu ya kwanza. Kaburi likawekewa saruji. Wageni wakala, wakaimba, wakarudi makwao, tukabaki mama na mimi na nyumba ambayo ghafla haikuwa na mlio ndani yake.

Sasa niseme jambo ambalo sikumwambia mtu kwa miezi mingi. Siku moja ya kiangazi nilirudi kutoka shuleni nikajilaza juu ya saruji ya kaburi la baba kwa sababu ilikuwa na ubaridi mzuri, nikaweka sikio chini, nikamsikia. Mlio mmoja mrefu, wa puani, usio na mwanzo wala mwisho. Sikuogopa hata kidogo. Nilifurahi kama mtu aliyepata kitu alichojua hakijapotea. Nilimweleza mambo ya shule, na jinsi mwalimu wa hesabu alivyokaa juu ya chaki, naye akaendelea kuimba kama alivyofanya zamani nilipomsumbua akiwa na kazi.

Kesho yake nilikimbia kurudi, nikaweka sikio, kimya. Kesho kutwa kimya. Siku iliyofuata alikuwapo tena. Haikunichukua muda kujua ratiba yake: baba alikuja Jumanne na Ijumaa. Nyinyi mnaosoma mmeshajua ni kwa nini, lakini mimi nilikuwa na maelezo yangu. Jumanne na Ijumaa ndizo siku mama alizokimbizana na ndoo na mitungi, akijaza kila chombo chenye tundu la juu. Niliamini baba anachagua siku ambazo mama ana shughuli nyingi, ili tuzungumze sisi wawili bila kuingiliwa. Ushahidi nao ulikuwa unakua mbele ya macho yangu. Kila mahali nyasi zilikuwa zimekauka rangi ya gunia, lakini kandokando ya kaburi zilikuwa za kijani kibichi, nene, mbuzi wa jirani walizililia. Baba alikuwa mzima wa aina yake, huko chini, na mimi nilikuwa na miadi naye mara mbili kwa wiki.

Watu wazima nao waliona zile nyasi, wakaona na mambo mengine. Udongo wa kwetu ni mweusi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na nyumba yetu iko chini kidogo ya kaburi. Kona ya mbele ilianza kulowa kwa chini. Kisha ukaja ufa, kwanza mwembamba kama uzi, kisha ukaingia kidole changu, kisha kidole cha mama. Mlango wa mbele ukakataa kufunga. Mama akafunga mifereji yote, akaangalia mita, mita haikusogea hata nukta. Kwa hiyo si paipu, watu wakasema. Wapo walionong'ona kwamba marehemu ana neno lake ambalo halijasikizwa. Waliojiona wenye akili zaidi walisema kuna chemchemi imeamka chini ya ile kona, na chemchemi haiombwi radhi wala haizibwi, nyumba ndiyo huhama.

Mama hakukubaliana na kundi lolote. Aliuliza sokoni akaambiwa kuna Mkuria mmoja anayetafuta maji yaliyopotea kwa sikio. Fundi Marwa akaja Jumanne, mwanamume mrefu mwenye kofia ya sufi kwenye jua kali, na ile nondo mkononi. Hakujua Kijaluo zaidi ya salamu, na sisi hatukujua Kikuria hata hiyo salamu, kwa hivyo kazi yote ilifanyika kwa Kiswahili chetu cha kuokoteza. Alimuuliza mama paipu inapita wapi. Mama akamwonyesha kando ya ua wa michongoma, kwa sababu huko ndiko kila mtu alijua imepita, ingawa ukiuliza ni nani aliyeiona hungempata. Baba mdogo Ouma alikuwapo, amekaa kwenye kivuli cha nyumba. Fundi alimuuliza kama kuna mahali pengine pamechimbwa pale bomani. Baba mdogo akasema hapana, kisha akaona wote tunaangalia kaburi, akasema isipokuwa hapo, na hapo hapaguswi.

Fundi Marwa alitembea kando ya ule ua hatua kwa hatua. Kila hatua alichomeka ncha ya nondo ardhini, akaweka ule upande wa kitambaa sikioni, akafumba macho na kuachama. Nilicheka. Akafumbua jicho moja akaniambia mdomo ukifungwa mtu anasikia meno yake mwenyewe. Alirudia njia nzima mara tatu na uso wake ukazidi kuwa mzito. Nadhani ni kwa kunihurumia, au kujihurumia, ndiyo akaniita nijaribu. Alifungua mfereji wa nje kidogo sana, kiasi cha kutoa uzi wa maji, akagusisha nondo kwenye paipu na kuniwekea ncha ya kitambaa sikioni.

"Sikia," akasema. "Maji ikipita mahali kubwa inanyamaza. Ikipita kwa tundu ndogo inalia hivi. Hii ndio natafuta huko chini, na sijaipata."

Niliachama kama yeye. Na pale, katikati ya mchana, kwenye chuma cha mtu nisiyemjua, nikamsikia baba.

Nilielewa mara moja, na nilikataa kuelewa mara hiyo hiyo. Watoto wanaweza kufanya yote mawili bila kuumwa kichwa. Nilichojua kwa hakika ni kwamba huyu mwanamume mwenye kofia amekuja kutafuta ile sauti ili ainyamazishe, na kwamba mtu pekee ulimwenguni aliyejua iko wapi ni mimi. Akaniuliza kama nimesikia. Nikamwambia nimesikia ng'ombe. Akacheka, akafunga mfereji, akamwambia mama atarudi Ijumaa asikilize kwa mara ya mwisho. Kama hatapata kitu basi itakuwa chemchemi kweli, na atamshauri atoke kwenye nyumba kabla ya mvua ndefu, kwa sababu kona ile haitavumilia mvua.

Alhamisi nilimkuta mama anafunga vyombo. Vikombe vya wageni, vile vyenye maua ambavyo hata mimi sikuruhusiwa kuvigusa, alikuwa anavizungushia magazeti na kuvipanga katika sanduku. Nikamuuliza tunaenda wapi. Mama hakuwa mtu wa kumficha mtoto mambo kwa hadithi za sungura. Akanikalisha kwenye kiti cha baba akanieleza kama anayemweleza mtu mzima.

Nilijua wazee walikuwa wamekaa baada ya matanga, sikujua walikaa kuzungumza nini. Walitaka mama achukuliwe na baba mdogo Ouma, kama ilivyo desturi mwanamume akifa. Mama alikuwa mtu wa kanisa na mtu wa msimamo, na alimpenda mumewe. Aliwaambia kwa heshima zote kwamba atakaa na Mungu na mtoto wake katika nyumba aliyojengewa. Walimwacha, wengine kwa shingo upande, kwa sababu nyumba ilikuwapo na ilikuwa yake.

"Lakini hii nyumba ikianguka, Achieng," akasema, "mimi siwezi kusimamisha ingine. Mjane hapa hajijengei. Ni lazima mwanamume aweke nguzo ya kwanza, na akiiweka, yeye ndiye mwenye nyumba, na mimi ndani yake. Kwa hivyo tukitoka hapa, tumetoka. Tutaenda kwa dada yangu Homa Bay, na huku tutakuwa tunakuja kama wageni."

Hakulia. Alichukua kikombe kingine akakizungushia gazeti. Niliona mikono yake haijui kazi hiyo, kwamba anakunja na kukunjua ukurasa ule ule. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia jioni ile, mtoto wa miaka minane aliyekuwa na kitu kimoja tu cha kusema na aliyekimeza. Niliona wazi kwamba nikisema nampoteza baba mara ya pili, na nisiposema mama anapoteza kila alichobakishiwa naye. Natamani niwaambie nilipima haya kwa busara. Ukweli ni kwamba nilivitazama vile vikombe, nikawaza ni nani atakayevinywea kwa mama mkubwa, moyo wangu ukakatika.

Ijumaa nilikataa kwenda shule. Fundi Marwa alipoingia tu langoni nilimshika mkono kabla hajasalimia, nikampeleka kaburini. Nikamwambia, "Hapa. Baba anaimba hapa."

Mwingine angenibembeleza au angenifukuza. Yeye alichuchumaa, akaniuliza taratibu kama anaimba kila siku.

"Hapana. Jumanne na Ijumaa peke yake."

Fundi akavua kofia. Baadaye alikuwa akisimulia kwamba katika miaka yake yote ya kazi hakuna aliyewahi kumpa jibu zuri kama lile. Alimgeukia mama, ambaye alikuwa amefika akiwa na unga mikononi, akamwambia, "Mama Achieng, chemchemi haijui Jumanne. Hii ni paipu, na mita haihesabu maji inapotea kabla ya kuifikia." Akachomeka nondo pembeni mwa saruji, katikati ya nyasi za kijani, akafumba macho, akaachama. Kisha akampa mama chuma. Mama akasikiliza. Nilimwona akiusikia ule mlio, na uso wake ukawa kama wangu siku ile ya kwanza. Akaweka kiganja mdomoni na unga wake wote.

Baba mdogo Ouma alikuja mbio kutoka kwake alipoona jembe. Alisema hakuna kuchimba karibu na kaburi lililofungwa, kwamba hata Mkuria anapaswa kujua hilo. Mama akamjibu kwamba Fundi hatagusa saruji, atachimba pembeni. Baba mdogo akasema hapana. Mama akamuuliza kwa nini. Akasema hapana tena, lakini safari hii akaketi chini palepale, kwenye zile nyasi mbichi, mwanamume mzima na suruali yake safi.

Akatueleza. Siku ya kuchimba kaburi, sururu yake iligonga paipu kwenye ukuta wa shimo. Haikuwa siku ya maji, kwa hiyo yalitoka machozi machache tu kisha yakaacha. Watu walikuwa wanangojea, na kaburi likianza kuchimbwa halisimamishwi. Alikata kipande cha tiubu ya baiskeli, akaifunga ile paipu kwa nguvu zake zote, akasukumia udongo, akajiambia atarudi. Halafu wazee wakakaa, wakamtaja yeye, na mama akakataa.

"Ufa ulipotokea nilijua," akasema, haangalii mtu. "Lakini shemeji, ningesema nini? Watu wangesema niliharibu nyumba ya ndugu yangu ndio unihitaji. Na mimi sikutaka. Kukataa kwako kulinipumzisha hata mimi."

Mama akamnyooshea jembe, mpini ukiwa upande wake. Baba mdogo akavua viatu akachimba.

Haikuwa mbali. Udongo ulitoka kama uji, na chini yake, ubavuni mwa kaburi, tukaiona ile tiubu nyeusi imelegea, na uzi wa maji unatoka kwa nguvu ukipiga kwenye saruji. Fundi Marwa alienda kufunga koki ya barabarani. Aliniambia kwanza. Alisema, "Sasa itanyamaza, sawa?" Nikaitikia kwa kichwa. Nilipiga magoti nikasikiliza mlio ukiwa mwembamba, mwembamba zaidi, kisha nikabaki nikisikia moyo wangu tu. Mama alinishika begani, na nilimshukuru kwa hilo.

Aliporudi Fundi alipangusa paipu kwa kitambaa chake, akakunja uso. Pale palipopigwa na sururu palikuwa na elbo, kile kiungo cha kupindisha paipu. Akafukua kidogo mbele akakuta nyingine. Paipu ilitoka barabarani moja kwa moja, ikafika uwanjani, ikapinda, ikazunguka, ikapinda tena kwenda jikoni. Alikasirika kwa niaba ya kazi. Akauliza ni fundi gani huyu anayeweka elbo mbili mahali ambapo hakuna jiwe, hakuna mti, hakuna chochote cha kukwepa.

Mama alisimama. Akaenda hadi mlango wa jikoni, akageuka, akatembea kuelekea kwetu akihesabu hatua kwa midomo, kama mtu anayetafuta alichofundishwa zamani. Alisimama mahali ambapo paipu ingepita kama ingenyooka.

"Hapa ndipo mama yenu alizika kondo la Achieng," akamwambia baba mdogo. "Alinionyesha mimi na baba yake peke yetu, siku alipozaliwa."

Kwa watu wa mbali labda nieleze kwamba kwetu mtoto akizaliwa, kondo lake la nyuma huzikwa bomani, na ndiyo sababu mtu akiulizwa kwao ni wapi anaweza kujibu kwa kuonyesha ardhi. Baba alifika hapo na jembe lake, jioni fulani, amechoka na miwa, akiimba amefunga mdomo. Alijua kilichokuwa mbele yake. Akanunua elbo mbili, akachimba mtaro wa kuzunguka, na hakumwambia mtu.

Fundi Marwa alibadilisha elbo zote mbili, akaacha njia vile vile alivyoikuta. Kona ya nyumba ilikauka kabla ya mvua. Ilibidi baba mdogo auzibe ule ufa kwa saruji, na kovu lake lipo hadi leo, baya kabisa, maana yeye ni mkulima. Vikombe vikatoka kwenye magazeti. Jumanne iliyofuata niliweka sikio kwenye kaburi kwa mazoea, sikusikia chochote, nikaenda kusimama pale kwenye uwanja mtupu ambapo paipu haipiti. Nilisimama hapo mara nyingi utotoni. Bado nasimama.

Jumamosi baada ya ile nondo kufika nilifunga kibanda nikaenda nayo Awendo. Mama alikuwa jikoni, mzee sasa, anajaza mitungi ingawa maji yanakuja karibu kila siku. Nikachomeka chuma kando ya kaburi, nikafumba macho, nikaachama. Nilisikiliza kwa muda mrefu. Mama akanipigia kelele kutoka mlangoni akitaka kujua nimesikia nini.

"Hakuna kitu, mama," nikamwambia. "Imefungwa vizuri."

Akasema basi niingie chai inapoa. Nilipoenda nilifika pale uwanjani paipu inapopinda, nikapinda nayo.